Kulisafisha Bao na Kulipaka Mafuta Bila Kuliua

Bao la mti mzuri lina maadui wachache wanaolichukia na wengi wanaolipenda. Hao wanaolipenda ndio hatari. Mmoja atakuja na ndoo ya maji na sabuni ya unga. Wa pili atakuja na kopo la vanishi lililobaki baada ya kumaliza milango ya nyumba yake. Wa tatu atapita gereji kuomba oili chafu, kwa kuwa kaona ikipakwa kwenye boriti na mchwa wakahama. Wote watatu wataifanya kazi hiyo saa nane mchana, mwenye bao akiwa kajilaza, na wote watangoja kushukuriwa. Mwongozo huu umeandikwa kuwazuia hao, na kumnyanyua wa nne: yule fundi anayekula kete za wenzake tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, miaka nenda miaka rudi, na hajawahi kulipitishia bao lenyewe hata kitambaa.

Nalisema hili kwa uzito wake. Bao la Kiswahili, safu nne za mashimo manane manane na kete 64, ni mchezo unaotaka kichwa chenye kumbukumbu na hesabu. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alilitungia shairi zaidi ya miaka 180 iliyopita. Mwalimu Nyerere alilipenda na kulicheza na wazee wenzake. Mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alikuja kukaa na mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 1995 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden kwa tasnifu juu ya umahiri wao. Mchezo wa hadhi hiyo haustahili ubao wenye punje za kashata za mwaka jana ndani ya nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji.

Kabla hujashika chochote, jua bao ni la nani. Bao la mtu binafsi halina shida, maana mwenyewe yupo na atakupa au atakunyima. Tatizo ni bao la baraza. Hilo ni la kila mtu wakati wa kucheza, na wakati wa kulifuta halina mwenyewe. Baraza lolote lisilomteua mtu mmoja wa kulitunza bao litakuwa na bao lililopasuka, na mjadala mrefu juu ya nani aliliacha nje usiku wa mvua. Mteueni. Akiwa mtu asiyeweza kucheza vizuri, ni bora zaidi, kwani atakuwa na muda.

Pili, usiguse bao linalochezwa. Hata kama wachezaji wamesimama kunywa kahawa, hata kama mmoja kaitwa nyumbani na hajarudi. Ukizoa kete zilizokwisha kupangika, aliyekuwa anashindwa atakuunga mkono kwa moyo wote, lakini aliyekuwa anashinda atakukumbusha hadi kwenye arusi ya mwanao. Subiri mchezo uishe, kisha hesabu kete mbele ya mashahidi. Ziwe 64. Zikiwa 63, kazi ya usafi inasimama mpaka mifuko ya kanzu na chini ya mikeka pamekaguliwa.

Msimu nao una neno. Mti hauachi kujongea eti kwa sababu umekatwa na kuchongwa. Hewa ikijaa unyevu hunywa na kuvimba, hewa ikikauka hunywea, na mwendo wote huo huwa katika upana wa ubao, si katika urefu wake. Kwa hiyo usilipake bao mafuta katikati ya masika, wakati nyuzi zake zimeshiba maji na hazina nafasi ya kupokea kitu kingine. Ngoja mvua ziishe, upepo wa kusi ushike, upate siku kadhaa kavu mfululizo. Mara ya pili iwe kabla ya joto kali la kaskazi. Mabao mengi ya pwani hayahitaji zaidi ya hapo. La Dodoma, ambako hewa ni kavu, litaomba zaidi, na utalijua kwa kuwa rangi yake itapauka na mguso wake utakwaruza kiganja.

Sasa usafi wenyewe. Anza pakavu. Lipindue bao, lipigepige mgongoni kwa kiganja, uone yatakayodondoka: mchanga, vipande vya njugu, vijiti vya kiberiti, majani ya chai. Kisha chukua mswaki mkuukuu wenye nywele laini, pitia kila shimo kwa kuzunguka, halafu nakshi za pembeni kama zipo. Watu wengi wakiona vumbi limetoka husema bao limetakata. Bado. Inama uitazame nyumba kwa karibu. Mabao mengi nyumba yake ni ya mraba, na katika pembe zake nne utaona utando mweusi unaong'aa, mgumu, wenye ukingo mnene kidogo pale unapokutana na mti safi. Huo ni jasho la vidole, vumbi la njia, sukari ya kashata na mate ya tambuu, vyote vimesagwa na kete kwa miaka mpaka vikawa gamba. Usiuendee kwa kisu. Kata njiti ya chelewa kutoka kwenye ufagio, ichonge ncha yake mshazari, ilowanishe, kisha ikokote katika pembe polepole. Chelewa ni ngumu kuliko gamba lakini ni laini kuliko mti wa bao kama mninga, na hiyo ndiyo sifa unayoitaka katika kifaa cha kusafishia.

Baada ya hapo ndipo maji yanapoingia, tena kwa kibali. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche kidogo, na kitambaa cha pamba kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi hata tone. Futa shimo moja, likaushe kwa kitambaa kingine, ndipo uende la pili. Usilowanishe bao zima halafu ukaanza kukausha kutoka mwanzo. Sabuni ya unga usiilete: ni kali, hunyonya mafuta ya asili ya mti na kuuacha umepauka. Dawa ya kutakatishia nguo nyeupe ndiyo usiitaje kabisa.

Ukimaliza, lisimamishe bao kwa ubavu, kivulini, mahali upepo unapita pande zote mbili, uliache mpaka kesho yake. Sitaki kusikia habari ya jua. Jua hukausha uso wa ubao kabla ya kiini, na hukausha vichwa vya ubao kabla ya mahali pengine popote, kwa sababu unyevu hutoka haraka zaidi pale nyuzi zilipokatwa. Uso unanywea, kiini bado kimevimba, na mti hauna njia nyingine ila kupasuka. Ufa huo huanzia kichwani, hufuata nyuzi, na ukishafika shimo la kwanza hausimami hapo.

Duara la kikombe cha kahawa likibaki baada ya kufuta, liache. Haliuumizi mti. Aliyeweka kikombe juu ya bao ndiye wa kusemeshwa, na asemeshwe hadharani.

Kete zina mambo yake. Nazungumzia kete za kweli, komwe, mbegu za mkomwe unaoota kando ya bahari na kujaa miiba. Ishike moja mkononi. Rangi yake ni ya moshi, ngozi yake ni laini na baridi, na ukiigeuza kwenye mwanga utaona mistari myembamba sana inayoizunguka, inayofuatana bila kukutana. Ganda hilo halipitishi maji. Ndiyo maana komwe huanguka ufukweni, huchukuliwa na mkondo, huelea kwa hewa iliyomo ndani yake, na hutupwa pwani ya mbali ikiwa bado nzima na ina uwezo wa kuota. Kitu kilichovuka bahari hakihitaji kuhurumiwa na maji ya bakuli. Tia kete zote katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, zisugue kwa viganja, suuza, zimwage juu ya kanga kuukuu, uzibiringishe mpaka zikauke. Basi.

Ila itazame moja moja. Komwe iliyopata mchubuko au ufa imefunguliwa mlango: maji yataingia, itavimba, itaoza, au itachipua katika mfuko. Itoe na uweke nyingine ya ukubwa uleule, kwa sababu mchezaji mzuri huhesabu kwa vidole kabla ya macho. Na kete usizipake mafuta kamwe. Mafuta hayana pa kuingia, yatabaki juu, na mtu atakayesambaza kete kumi na mbili kwa kasi zitamponyoka mbili katika shimo moja. Ugomvi utakaofuata ni wako. Mng'ao wa kete huja na kuchezwa, wala haununuliwi dukani. Wanaotumia gololi za kioo badala ya komwe watakuta midomo ya mashimo imebonyea baada ya muda, hasa kama ubao ni wa mwembe au mti mwingine laini, na hakuna mafuta yatakayolirudisha hilo.

Tufike kwenye mafuta yenyewe, maana hapa ndipo mabao yanapokufa.

Mafuta ya nazi kila mtu atakushauri, kwa kuwa yako jikoni. Hayakauki. Hukaa ndani ya mti yakiwa mafuta vilevile, hunasa vumbi, na yale ya kukamua nyumbani yenye mabaki ya tui huchacha, yakanuka, yakaita sisimizi. Mafuta ya alizeti ni mabaya zaidi, kwani hukauka nusu na kugeuka gundi. Sifa, mafuta ya papa waliyopaka mafundi wa majahazi, yalifaa jahazi. Jahazi liko baharini na upepo unachukua harufu, wakati bao liko chini ya pua za watu wanne. Na oili chafu ya gereji ina masizi, mabaki ya chuma na kemikali zinazojulikana kusababisha saratani ya ngozi. Hiyo iwe mbali na kitu chochote ambacho watu hushika kisha wakamega mkate.

Yanayofaa ni ya aina mbili. Ya kwanza ni parafini ya maji ya duka la dawa, yale mafuta yasiyo na rangi wala harufu ambayo watu hununua kwa ajili ya kufungua choo. Jirani zetu wa Kenya huyaita mafuta ya taa parafini, kwa hiyo anayemtuma mtoto Mombasa amwambie wazi aende duka la dawa, asiende kituo cha mafuta. Mafuta haya hayakauki, lakini hayachachi pia. Ya pili ni mafuta ya mbegu za kitani yanayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Haya hukauka kweli, kwa kuvuta hewa na kugandamana ndani ya nyuzi, na huupa mninga wekundu unaopendeza. Hasara zake ni mbili. Kadiri miaka inavyopita hutia giza, na matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa na kurundikwa pembeni hupata joto yenyewe na kuweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke, au uyatie kwenye ndoo ya maji. Baraza limekwisha kupata sababu za kutosha za kugombana, halihitaji moto.

Mimi nachagua parafini kwa bao linalochezwa kila siku, na sitabadili.

Marekani kuna watu wanaokusanya sarafu za udongo za kuchezea poka, nao wana ugomvi huuhuu wa mafuta. Sarafu hizo si udongo mtupu. Ni mchanganyiko uliotiwa kwenye kalibu na kushindiliwa kwa joto na nguvu kubwa, na zikitoka kiwandani huwa na ukungu mweupe unaofifisha rangi. Wakizipaka tone la parafini ya maji, wekundu unakuwa wekundu na kijani kinakuwa kijani. Wanaozidisha hupata rundo la sarafu zinazoteleza, zinazonasa vumbi, na hukaa usiku kuzifuta upya moja baada ya moja. Kwa hiyo sheria yao ni kupaka kidogo, kungoja, na kufuta mpaka kitambaa kitoke kikavu. Sioni sababu ya kulitungia bao sheria nyingine.

Mimina kijiko kimoja tu cha mafuta kwenye kitambaa, si kwenye bao. Anza na vichwa vya ubao, pale penye kiu zaidi. Kisha ingia katika mashimo kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa. Utaona jambo la kupendeza: kila shimo lina pande mbili zinazokolea rangi papo hapo, zile zinazotazama urefu wa bao, na pande mbili zinazokawia. Kuta zinazokolea ndizo ambazo patasi ya fundi ilikata nyuzi za mti kwa kukingama, na midomo ya nyuzi hizo bado iko wazi. Zipe zinachotaka, lakini usizijaze. Malizia na uso wa juu na mgongo. Mgongo usiusahau, maana ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu upande mmoja, na hujikunja.

Ngoja nusu saa. Palipopauka ongeza kidogo. Kisha chukua kitambaa kikavu ufute kila mahali, kwa nguvu, kama vile unataka kuyatoa yote uliyoyatia. Yaliyoingia hayatatoka. Yatakayotoka hayakutakiwa kuwepo. Kesho yake bandika karatasi nyeupe ndani ya nyumba na uikandamize kwa kidole gumba. Ikitoka na doa la mafuta, futa tena na uwanyime watu bao siku moja zaidi. Ikitoka safi, rudisha kete.

Anayetaka ulinzi zaidi ayeyushe nta ya nyuki ndani ya parafini, sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta, katika kopo lililokalishwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kabla maji hayajachemka, kwa hiyo usiiweke moja kwa moja juu ya moto. Mchanganyiko ukipoa utakuwa laini wa kuchotwa kwa kidole. Upake juu ya mafuta yaliyokwisha kuingia, usugue, ufute. Maji ya mvua ya ghafla yatakaa juu yakiwa matone, na utapata muda wa kuokoa bao kabla ya viatu vyako.

Kuhusu vanishi nitasema mara moja. Vanishi ni ngozi ngumu juu ya mti, na bao ni kitu kinachopigwa na kete mahali palepale kila siku. Ngozi hiyo itachanika chini ya mashimo, maji yatapita chini yake, na itaanza kubanduka vipande vipande vitakavyoshikamana na vidole vya watu. Kuitoa ni kazi ya msasa, shimo baada ya shimo, mashimo 32, kwa kidole, tangu msasa namba 120 hadi 240. Mafundi wa zamani walisugulia majani makavu ya mti wa msasa, nayo mpaka leo ni mazuri kwa kumalizia. Aliyepaka vanishi ndiye asugue. Hakuna wa kumsaidia mpaka afike la mwisho.

Ufa mdogo uliotulia uzibe kwa vumbi la mti uleule lililokorogwa na gundi ya mbao, kabla ya mafuta, si baada yake, maana gundi haishiki penye mafuta. Ufa uliokwisha kupita kati ya mashimo mawili ni wa fundi seremala. Vitundu vidogo vya duara vyenye unga mpya chini yake ni fukusi. Usimmwagie mafuta ya taa. Makumbusho hutumia baridi: kitu kinafungwa vizuri kwenye nailoni, kinakaa wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kisha kinaachwa kiyeyuke kikiwa bado kimefungwa. Muuza samaki mwenye friza kubwa atakuuliza maswali. Mjibu kwa adabu, na uandike jina la bao juu ya kifurushi.

Na kama bao ni la babu wa babu, lina nakshi, limekauka, na halichezwi tena, acha kila nilichosema kuhusu mafuta. Lifute vumbi kwa brashi laini, liweke mahali pasipo jua wala unyevu, utosheke. Watunzaji wa makumbusho hawapaki mafuta vitu vya kale vya mti, kwa sababu yakishaingia hayatoki, na yanafunika alama za mikono iliyovichonga na kuvitumia. Bao hilo limestaafu.

La baraza ndilo linalokungoja. Lisilale juu ya saruji yenye unyevu, lifunikwe kwa kitambaa na si kwa nailoni, kete ziwe na mfuko wake, vikombe vikae chini, na mwenye mikono ya urojo asubiri zamu akiwa ameshanawa. Nenda duka la dawa ukanunue chupa ndogo ya parafini leo hii. Wakikukuta kesho umelipindua bao na kuuliza nani kakupa ruhusa, waambie kete 64 zimehesabiwa, ubao unakauka, na mchezo utaendelea kesho kutwa alasiri.